Kichwa Kitangulie Mkataba

Si ajabu mtu wa Tabora au wa Voi, aliyekua akisikia honi ya garimoshi usiku wa manane na kuitegemea kama saa, kupenda kukusanya treni ndogo na kuziendesha juu ya meza nyumbani kwake. Lakini kwa rai ya wengi ni ajabu kubwa mkazi wa Kiyovu, mtaa huu wa Kigali wenye miti ya vivuli na nyumba za mabalozi, ulio katika nchi isiyopata kamwe kuwa na reli ya umma, atenge chumba kizima kwa ajili ya reli ambayo upana wake, kutoka chuma hadi chuma, ni milimita 16.5. Mimi ni mmoja wa watu hao wa ajabu, wala sikukusudia leo kuutetea mchezo wangu, kwa kuwa mtu mzima anayelipa kodi yake na asiyemdhulumu jirani hana haja ya kuomba radhi kwa tafrija yake. Nililolikusudia ni kusema kwamba miongoni mwa vichwa vya treni vinavyokusanywa na wapenzi wa mchezo huu imo jamii moja, nayo ni ya vichwa vya maonyesho, ambayo habari zake zingewafaa sana waliokabidhiwa amana ya kutuletea reli kutoka Isaka, Tanzania.

Kichwa cha maonyesho ni kile kinachoundwa na kiwanda kwa gharama zake chenyewe, kabla hajapatikana mnunuzi, kikapakwa rangi za kiwanda wala si za shirika lolote la reli, kisha kikapelekwa kwa wateja mmoja baada ya mwingine, kivute mizigo yao, juu ya reli zao, katika milima yao, chini ya mikono ya madereva wao, na mafundi wao wakiwa na ruhusa ya kukifungua na kuchungulia matumbo yake. Mfanyabiashara afanyaye hivi anajitia hatarini kwa hiari yake, maana bidhaa iliyoshindwa mbele ya mashahidi haina wakili. Na hapo ndipo ilipo heshima ya vichwa hivi, ambavyo aghalabu huwa kimoja au viwili vitatu tu, ilhali ndugu zao waliouzwa baadaye huhesabiwa kwa mamia.

Mashuhuri kuliko vyote ni namba 103, kilichotoka katika kiwanda cha Electro-Motive, tawi la General Motors, huko La Grange katika jimbo la Illinois, mwaka 1939. Kwa hakika kilikuwa vipande vinne vilivyofungamanishwa, viwili vya ncha vikiwa na chumba cha dereva na viwili vya kati vikiwa havina, jumla yake urefu wa futi 193 na nguvu za farasi 5,400, vyote vikienda kwa dizeli. Na hayo yalikuwa katika zama ambazo mizigo mizito ya Marekani ilivutwa karibu yote kwa mvuke, na wakuu wa reli wenye mvi zao wakishikilia kwamba dizeli inafaa kwa kupangia mabehewa stesheni na kwa treni nyepesi za abiria wenye haraka, basi. Electro-Motive hawakuwajibu kwa maneno. Novemba ya mwaka huo walikitoa njiani, na kwa muda wa miezi 11 kikazunguka katika reli za mashirika 20, ndani ya majimbo 35, kikatembea maili 83,764, yaani karibu kilomita 135,000, kutoka usawa wa bahari hadi milima ya zaidi ya futi 10,000, katika baridi ya kugandisha mafuta na katika joto la jangwa. Pale ambapo treni ya mvuke ililazimika kusimama ili inyweshwe maji, ipakiwe makaa na kukombwa majivu, hiki kilipita.

Wala faida haikuwa ya muuzaji peke yake. Shirika la Santa Fe, ambalo njia zake zilikata majangwa ya Arizona na California, mahali ambapo hata maji ya kunyweshea treni za mvuke yalibidi kuletwa kwa treni, lilikipenda kichwa hicho lakini likakiogopea mteremkoni, nalo likataka kiwe na breki za umeme, zile ambazo hugeuza mota za magurudumu kuwa mitambo ya kuzalisha umeme, na kwa kufanya hivyo huishika treni isikimbie, bila ya kuyaunguza magurudumu kwa msuguano wa vyuma. Kiwanda kikazitia, kichwa kikiwa bado kimo safarini. Na Santa Fe likaja kuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa aina hiyo, ambayo hadi uundaji wake ulipokoma mwaka 1945 vilikuwa vimetoka vipande 1,096. Ninaomba msomaji azingatie mfuatano wa mambo hayo, kwa sababu ndio kiini cha makala haya: mnunuzi aliyejaribu kabla ya kulipa alipata kitu ambacho hakikuwamo kabisa katika orodha ya bei, na alikipata kwa kuwa muuzaji, siku hiyo, bado alikuwa anamhitaji.

Haya ni ya walioshinda. Mimi, nikisema kweli, huvipenda zaidi vile vilivyoshindwa, na katika jambo hili Waingereza wamewapita Wamarekani kwa mbali. Kampuni ya English Electric, ileile iliyotuletea Afrika ya Mashariki vichwa vyake vya dizeli mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipoanza kuviaga vichwa vyake vikubwa vya mvuke, Garratt, ilikuwa imetoa mwaka 1955 kichwa cha maonyesho cha farasi 3,300 kiitwacho Deltic, kilichopakwa rangi ya buluu na michirizi ya malai puani, nacho kilifuzu, kikazaa ndugu 22. Lakini mwaka 1962 kikatoka Lion, kazi ya kiwanda kingine, cha Birmingham, kichwa cheupe pepe chenye mistari ya dhahabu, rangi ambayo hapana mtu mwenye akili timamu angelipaka chombo kitakachoishi katika masizi. Na kikiwa kingali katika majaribio, oda kubwa ya Shirika la Reli la Uingereza ikaangukia kwa washindani wao, kampuni ya Brush ya Loughborough, ambayo vichwa vya muundo wake, kwa oda hiyo na zilizofuata, vilifika 512. Lion kikavunjwa, na kiwanda chenyewe hakikudumu. Brush nao, kwa namna ya kisasi cha majaliwa, walikuwa na kichwa chao cha maonyesho, Falcon, cha mwaka 1961, ambacho pamoja na uzuri wake wote hakikupata mdogo wake; na cha tatu, Kestrel, chenye farasi 4,000 katika injini moja, rangi ya manjano juu na kahawia chini, kikaonekana mwaka 1968 kuwa ni kizito mno kwa reli kilizokusudiwa, hata mwaka 1971 kikauzwa Urusi ya Kisovieti, kikabadilishwa magurudumu ili kienee reli zao pana, kikaishia huko. Fikiri lingekuwaje shirika lililonunua mamia ya Kestrel kwa kuangalia michoro yake mizuri, kisha likayatambua hayo ya uzito baada ya kutia sahihi.

Vyote hivyo mtu aweza leo kuvipata kwa udogo wake. Deltic ile ya kwanza imetolewa na Bachmann, na Lion, Falcon na Kestrel zimetolewa na Heljan wa Denmark, kwa kipimo cha moja kwa 76. Namba 103 hupatikana kwa kipimo cha moja kwa 87, na vipande vyake vinne vikiungwa hufika sentimita 68 hivi, urefu ambao hudai meza isiyo ya kahawa. Mkusanyaji wa Kigali ana matatizo ambayo mwenziwe wa Chicago hayajui: gharama za posta na ushuru hushindana na bei ya bidhaa yenyewe, transfoma ya Marekani, iliyoundwa kwa volti 120, hufa kwa harufu mbaya ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230, na vumbi jekundu la kiangazi huingia hata katika chumba kilichofungwa madirisha, likakaa juu ya reli utando mwembamba, kichwa kikawa kinakwenda kwa kushtukashtuka mithili ya mtu mwenye kwikwi. Hayo yote huvumilika. Kisichovumilika kwangu ni desturi iliyoenea ulimwenguni kote baina ya wakusanyaji, ya kukinunua kichwa cha maonyesho kwa fedha nyingi na kukiacha ndani ya sanduku lake, hata karatasi laini haijafunuliwa, kwa hoja kwamba kilichoguswa hupoteza thamani mnadani. Hoja hiyo ni ya kweli kwa hesabu ya dalali. Walakini chombo ambacho asili yake yote, sababu ya kuumbwa kwake na sababu ya rangi zake, ni kujaribiwa mbele za watu, kukifungia gizani ni kukifanya kiwe kitu kingine. Heri mtu huyo akusanye stempu.

Nyumbani kwangu vichwa hivi hufanya kazi. Nimeijenga njia yangu ikipanda kwa uwiano wa tatu kwa mia, mpando mkali ambao reli halisi ya mizigo huuepuka ikiweza, kwa kuwa nilipenda ifanane na namna mji huu ulivyokaa, bonde chini na Kimihurura ng'ambo, na barabara zikijizungusha ubavuni mwa mlima hadi huku juu. Na kila kichwa kipya, kabla hakijapewa nafasi katika rafu, huanza bondeni na mabehewa machache, yakaongezwa moja baada ya moja, hadi magurudumu yazunguke mahali pamoja na treni isimame. Idadi iliyo kabla ya hiyo ndiyo hadhi yake. Nyuma ya kichwa hutangulia behewa la kupimia, kama walivyofanya wahandisi wenyewe, ambao waliweka baina ya kichwa na mzigo behewa lenye vyombo vya kuandika nguvu ya mvuto kila hatua ya njia. Na nyuma ya hilo huja mabehewa ya shirika mwenyeji, kwa sababu kichwa cha maonyesho siku zote ni mgeni anayevuta mali ya watu. Wako wanaovichanganya bila kujali, namba 103 ya mwaka 1939 ikivuta makontena ya juzi. Siwalaumu, ila siketi nao meza moja.

Na hapa inanipasa niseme jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu hawapendi kulisikia, nalo ni kwamba mizani zetu zote hizi ni uongo. Kichwa cha tani 100, kikipunguzwa mara 87 kwa urefu, na mara 87 kwa upana, na mara 87 kwa kimo, kingestahili kuwa na uzito wa gramu 152 tu, chini ya gramu za kopo dogo la maziwa. Ilhali vile tunavyouziwa hufika gramu 400 na 500, maana watengenezaji huvijaza vyuma makusudi ili magurudumu yashike reli na mteja afurahi. Kwa hiyo kichwa kinachopanda mlima wangu kwa mbwembwe hakithibitishi lolote kuhusu kichwa halisi kiitwacho jina hilohilo. Mfano hufundisha umbo, huamsha raghba, hutoa burudani. Lakini katika kesi ya nguvu na mlima, mfano si shahidi. Miaka yangu yote ya kuchezea treni imenipa yakini hii moja kuliko nyingine zote, na ndiyo maana nikionyeshwa katika runinga picha za kompyuta za treni ya kupendeza ikikata vilima vya kijani kwenda Kigali, moyo wangu hufurahi na akili yangu hukaa kimya ikisubiri.

Maana kusubiri tumekuzoea. Wajerumani, ambao mwakilishi wao Richard Kandt ndiye aliyeuasisi mji huu na nyumba yake leo ni makumbusho hapa Nyarugenge, waliifikisha reli yao ya kati Kigoma mapema mwaka 1914, na mwaka huohuo wakawa wamekwisha kuidhinisha tawi la kutoka Tabora hadi pembe ya mto Kagera, mlangoni mwa Rwanda. Agosti vita vikaja, na Septemba 1916 Tabora yenyewe ikatwaliwa na majeshi ya Wabelgiji. Mwaka 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda wakapatana juu ya reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Kigali, ambayo ilifika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019, ikapumzika huko. Januari 2018 marais wa Tanzania na Rwanda wakakubaliana juu ya njia ya Isaka, zaidi ya kilomita 500. Tangu hapo hadi leo mafuta yetu, saruji yetu na ngano yetu huja kwa malori yakivuka daraja la Rusumo na kupanda kwa kupokezana gia hadi Kayonza na Rwamagana. Sina shaka kwamba reli itakuja. Shaka yangu ni juu ya siku ya kununua vichwa, na tutakavyovinunua.

Kwa desturi ya siku hizi, mkopo, mjenzi na vichwa huweza kutoka katika mlango mmoja, kama ilivyokuwa kwa njia ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo benki ya Exim ya Uchina iligharimia sehemu kubwa, kampuni ya Uchina ikaijenga, na vichwa vya Uchina vikawekwa juu yake. Sisemi kwamba vichwa hivyo ni vibaya. Vinavuta makontena kila siku kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu, na hiyo ni kazi. Ninalolisema ni kwamba katika utaratibu huo nafasi ya Santa Fe haipo: hapana siku ambayo mnunuzi anasimama kando ya njia, kalamu ikiwa bado mfukoni, akasema ongezeni hiki na punguzeni kile. Tanzania ilifanya uungwana wa kuagiza vichwa vyake vya umeme 17 kutoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini, mbali na mjenzi wa reli, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ikavijaribu hadharani baina ya Dar es Salaam na Morogoro, kabla ya abiria kuanza kusafiri mwezi Juni. Na watu walishangilia, nami nilishangilia nikiwa hapa Kiyovu mbele ya runinga. Hata hivyo, majaribio yanayofanywa baada ya malipo ni makabidhiano. Nahodha wa Lamu hanunui jahazi kwa kuliona juu ya magogo limepakwa sifa likimeta. Hulishusha majini, akalitia shehena, akaliingiza katika kusi, ndipo akazungumza bei.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwanza kwamba haiwezekani kukijaribu kichwa katika nchi isiyo na reli. Neno hilo lina uzito, lakini halina uzito wa kutosha, kwa kuwa reli ya upana uleule wa milimita 1,435 imekwisha kufika Dodoma, na hapana linaloizuia Rwanda, kwa radhi ya Tanzania, kumwalika kila muuzaji alete kichwa chake kimoja huko, kivute kwa miezi kadhaa mizigo halisi. Na pale sehemu ya kwanza ya njia yetu itakapokamilika upande wa Rusumo, kilichobakia kwenye mchujo kikaja huku. Nitaambiwa pili kwamba zama za namba 103 zimepita, kwamba leo kompyuta hukisia kila kitu, na kwamba viwanda vya Ulaya huvizungusha vichwa vyao katika njia ya majaribio ya Velim, katika nchi ya Cheki, duara la kilomita 13 na zaidi, mwendo mkali usiku na mchana. Hili nalikubali kwa nusu. Makisio ya kompyuta ni elimu kubwa, nami sina kiburi cha kuikanusha. Lakini mtu anayeweka namba katika kompyuta ni mtumishi wa muuzaji, na Velim ni tambarare, haina udongo wetu unaoteleza wala ukungu wa alfajiri unaolowesha chuma. Na nitaambiwa tatu kwamba muuzaji mkubwa hatakubali kusumbuliwa na mnunuzi mdogo. Basi na akatae mbele ya watu, tumjue. Maana General Motors ya mwaka 1939 haikuwa kampuni ndogo, na kichwa chake kilikwenda kubisha hodi katika milango 20.

Mimi si mhandisi, na kalamu yangu haitii sahihi mikataba ya mabilioni. Lakini laiti ningeulizwa kifungu kimoja tu cha kuandikwa katika tangazo la zabuni, ningekiandika hivi: kwamba kila mzabuni alete kichwa kimoja kwa gharama zake, katika mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Kwamba kipewe mzigo kamili kama ule unaotarajiwa, mafuta na saruji kwa kuja, kahawa na chai na madini kwa kurudi. Kwamba kiendeshwe na dereva wa Afrika ya Mashariki, wala si bingwa aliyekuja nacho. Kwamba kisimamishwe katikati ya mpando mkali kuliko yote uliomo katika ramani ya njia yetu, au ulio sawa nao popote utakapopatikana, kikae hapo saa nzima reli zikilowa, kisha kiamriwe kuondoka. Na kwamba karatasi ya behewa la kupimia, itakayoandika jinsi kilivyoondoka au kilivyoserereka, itolewe gazetini wiki hiyohiyo, kabla mtu yeyote hajashika kalamu.